Wereng wa Java: sumu ilipomlea mdudu

Novemba 1985 Rais Suharto wa Indonesia alisimama mbele ya mkutano wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mjini Roma akiwa kifua mbele. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi yake ilikuwa ikiagiza mchele mwingi kuliko nchi yoyote duniani. Mwaka 1984 ikajitosheleza. Safari hiyo alikwenda na mchango wa mpunga kutoka kwa wakulima wake, kwa ajili ya watu waliokumbwa na njaa Afrika. Ndiyo, sisi.

Tarehe 5 Novemba 1986, mwaka mmoja tu baadaye, rais huyohuyo alitoa Agizo la Rais Namba 3 na kupiga marufuku viuatilifu vya majina 57 visitumike tena kwenye mpunga. Hakufanya hivyo kwa kuhurumia samaki wala mazingira. Alitaka kuuokoa mchele aliokuwa amejivunia Roma.

Kisa hiki nakirudia mara nyingi kwa sababu kila msimu yuko mtu wa kuniuliza: nimepuliza mara mbili, mbona wadudu ndiyo kwanza wameongezeka? Wengi wanategemea niseme dawa ilikuwa feki. Wakati mwingine ni feki kweli. Lakini dawa za Java, kisiwa cha Indonesia kilikotokea kisa hiki, zilikuwa zinaua sawasawa. Zilikuwepo tele, na mkulima alizipata kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mdudu mwenyewe

Waindonesia humwita wereng. Ni mdudu wa kahawia, milimita 3 hivi, sawa na punje ya ufuta, na jina lake la kitaalamu ni Nilaparvata lugens. Ukipita kwenye tuta huku unaangalia majani hutamwona, kwa sababu makao yake ni chini kwenye mashina, juu kidogo ya maji, kivulini. Kazi yake ni kufyonza utomvu. Wakiwa wachache mpunga hauna habari nao. Wakijazana, majani hugeuka manjano, kisha kahawia, kuanzia duara dogo katikati ya jaruba, na duara linapanuka hadi shamba linaonekana kama limepigwa moto. Juu ya hayo hubeba virusi vinavyodumaza mpunga, shina likatoa vijani vingi vifupi kama nyasi na lisitoe suke la maana.

Majike wapo wa namna mbili. Chakula kikiwa tele huzaliwa wenye mabawa mafupi. Hao hawaruki, kazi yao ni kutaga. Wakibanana au mpunga ukichoka huzaliwa wenye mabawa marefu, na hao huondoka na upepo kwenda kutafuta jaruba lingine.

Jike hayaachi mayai yake juu ya jani. Huyadunga ndani ya ala ya jani, ile sehemu inayolikumbatia shina, yakafunikwa na mmea wenyewe. Sumu nyingi zinazopulizwa haziyafikii. Unapuliza leo, wakubwa wanakufa, maji yanajaa mizoga na moyo wako unatulia. Baada ya wiki moja na ushei mayai yanaanguliwa, tunutu, yaani watoto wa wereng, wanatoka kwa mamia, na safari hii jaruba halina mlinzi.

Hesabu ya walinzi

Mlinzi mkubwa ni buibui, hasa yule mwindaji asiyetega utando, anayekimbia juu ya maji na kupanda mashina, na jike wake hubeba watoto mgongoni. Mmoja anaweza kula wadudu 5 hadi 15 kwa siku. Yuko pia mdudu mdogo wa kijani, Cyrtorhinus, anayechoma mayai ya wereng kwa mdomo wake kama sindano na kufyonza 7 hadi 10 kwa siku. Wapo wale wanaoteleza juu ya maji wakisubiri tunutu adondoke, wapo nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya mayai ya wereng.

Tuchukue mfano wa hesabu, wa kuelewesha tu. Jike ametaga mayai 200, nusu yake majike, yaani 100. Walinzi wakila 98 wanabaki 2. Baada ya vizazi vitatu, ambavyo vinaenea ndani ya msimu mmoja, kila jike wa mwanzo ameacha 8. Mpunga unawavumilia. Sasa tuseme umepuliza na walinzi wamepungua, hivyo wanakula 90 badala ya 98. Wanabaki 10. Baada ya vizazi vitatu ni 1,000. Walinzi hawakwisha, kazi yao ilishuka kutoka 98 hadi 90 kwa mia, basi. Na wereng hurudi ndani ya wiki nne, wakati buibui anahitaji miezi mpaka naye awe na wajukuu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Los Baños nchini Ufilipino kwenye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, watafiti walilipima jambo hili shambani. Majaruba yasiyopulizwa yalibaki na wereng wachache msimu mzima. Yaliyopulizwa sumu za kuua kila kitu yalijaza wereng mara mamia. Likajitokeza na jambo jingine ambalo hata wao liliwashtua: baadhi ya sumu, diazinoni na deltamethrini zikiwemo, zikitumika kwa kiwango kisichoua zilimfanya jike atage zaidi. Mmoja wa watafiti hao alikuwa kijana Mmarekani, Peter Kenmore, aliyekuja kuongoza mpango wa FAO wa udhibiti husishi wa wadudu wa mpunga barani Asia, yaani kuwaachia walinzi wa asili kazi na kupuliza pale tu inapobidi.

Kwa hiyo ushahidi ulikuwepo tangu 1980 au hapo karibu. Agizo likatoka 1986. Miaka hiyo sita katikati ndiyo inayonishughulisha mimi kuliko buibui.

Nani alikuwa analipa

Tangu IR8 ilipotolewa mwaka 1966, mbegu fupi yenye kupenda mbolea, serikali ya Indonesia iliweka kilimo cha mpunga ndani ya mpango mmoja ulioitwa Bimas. Mkulima alipewa kifurushi: mbegu, mbolea, mkopo, na dawa. Dawa haikutegemea kama kuna mdudu. Ilikuwa ndani ya kifurushi kama chumvi ilivyo ndani ya mboga, na mwishoni mwa miaka ya 1960 hata ndege zilipita juu ya majaruba zikinyunyiza kijiji kizima, wenye wadudu na wasio nao.

Wereng, ambaye zamani alikuwa mdudu wa kupuuzwa, akapanda cheo. Msimu wa 1976–77 alivamia zaidi ya hekta 450,000. Jibu la kwanza lilikuwa mbegu kinzani. IR26 ilitolewa mwaka 1973, na haikumaliza miaka minne kabla ya kutokea wereng wanaoila bila shida. Ikaja IR36, yenye ukinzani mwingine, nayo ilitulia miaka mingi. Hapa watu husahau: IR36 iliokoa jahazi, lakini wakati huohuo dawa ziliendelea kumwagwa, na ndizo zilizowachuja wereng haraka mpaka wakapatikana wa kuishinda mbegu. Sumatra Kaskazini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima walioulizwa walikuwa wamepuliza mara 6 hadi 20 ndani ya wiki chache. Takwimu zilipopangwa, waliopuliza zaidi ndio waliokuwa na wereng wengi zaidi.

Utasema: labda walipuliza zaidi kwa sababu walikuwa na wadudu wengi. Swali halali, na ndiyo maana majaribio ya Los Baños yana uzito, kwani kule mtafiti ndiye aliyechagua jaruba la kupulizwa na la kuachwa.

Kwa nini mkulima apulize mara 20? Kwa sababu serikali ilimlipia. Katikati ya miaka ya 1980 ruzuku ilibeba zaidi ya robo tatu ya bei ya kiuatilifu, na ilikula zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Mkulima aliyelipa robo au chini ya hapo hakuwa mjinga kupuliza. Alikuwa ananunua usingizi kwa bei poa. Sisi wa ugani tunapenda kusema "mkulima hana elimu". Pale alikuwa anapiga hesabu vizuri kuliko wizara.

Mwaka 1985 na 1986 moto ukawaka Java ya Kati. Mbegu zenye wali mtamu zaidi, Cisadane kati yake, zilikuwa zimeenea, na wereng wakazigeuza kahawia. Serikali ikatuma dawa zaidi. Majaruba yakazidi kuungua.

Agizo

Wanasayansi wa Indonesia wenyewe walikuwa wanapiga kelele. Ida Nyoman Oka kutoka wizara ya kilimo na Profesa Kasumbogo Untung wa Chuo Kikuu cha Gadjah Mada, Yogyakarta, ni miongoni mwa waliolibeba jambo hili pamoja na watu wa FAO. Lakini sidhani kama sayansi peke yake ndiyo iliyofungua mlango wa Ikulu. Mwaka 1986 bei ya mafuta ilianguka duniani, na Indonesia iliishi kwa mafuta. Septemba mwaka huo ikalazimika kushusha thamani ya rupia. Hazina ilikuwa inatafuta pa kukata, na hapo akaja mtu na karatasi inayosema: hizi dola zaidi ya milioni 100 zinanunua njaa. Karatasi ileile ingeletwa 1981, mafuta yakiwa juu, sina hakika kama ingesomwa.

Agizo lilikuwa na akili kuliko marufuku za kawaida. Halikusema dawa ni haramu. Liliondoa kwenye mpunga zile zinazoua kila kiumbe, diazinoni ikiwemo, na likaacha chache zilizoonekana kuchagua. Maarufu zaidi kati ya hizo ni buprofezini, ambayo humzuia tunutu asijivue gamba akakua, huku buibui akiendelea na shughuli zake. Hata hizo zilitakiwa kutumika baada ya mtu kuingia shambani na kuhesabu. Waangalizi wa wadudu waliongezwa. Mbegu ya IR64, iliyokuwa na ukinzani na wali wa kuridhisha, ikasambazwa haraka. Ruzuku ya viuatilifu ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi ikafutwa kabisa Januari 1989.

Wenye kuuza sumu na baadhi ya maofisa walitabiri njaa. Mavuno ya mpunga ya Indonesia yalikuwa takriban tani milioni 39.7 mwaka 1986. Mwaka 1990 yalifika milioni 45.2. Matumizi ya viuatilifu kwenye mpunga kwa kipindi hicho yalishuka sana.

Nisiuze kisa kwa bei ya juu, hata hivyo. Tani hizo hazikutokana na buibui peke yao. Kulikuwa na mbolea, umwagiliaji, na IR64 yenyewe. Ninachoweza kusema bila kutetereka ni kwamba sumu ilipoondolewa, mpunga haukuanguka kama ilivyohofiwa.

Darasa chini ya mti

Mwaka 1989 ulianza mpango wa taifa wa kufundisha, na ndani yake likazaliwa jambo lililotufikia hadi huku: Sekolah Lapangan, shule ya shambani. Wakulima kama 25, siku moja kila wiki, msimu mzima. Hakuna ubao wa mwalimu. Wanaingia jaruba asubuhi, wanang'oa au kuinamisha mashina machache, wanahesabu wadudu wabaya upande huu na wazuri upande ule, wanarudi kivulini na kuchora walichokiona kwenye karatasi kubwa, kisha wanabishana kama wiki hii kuna haja ya kupuliza. Mdudu wasiyemjua wanamfungia kwenye chupa na mmea uliofunikwa kwa chandarua, waone nani anamla nani. Hadi mwisho wa miaka ya 1990 zaidi ya wakulima milioni moja wa Indonesia walikuwa wamepita humo.

Miaka hiyohiyo ya 1990 mbinu ilivuka bahari. Mwaka 1999 FAO na IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, walianzisha mradi wa shule hizi Kenya, Uganda na Tanzania, na leo neno "shamba darasa" linasemwa na kila bwana shamba, ingawa mengi ninayoyaona ni shamba la mfano lenye kibao: watu wanakuja siku ya sherehe, wanakula pilau, wanaondoka. Kuhesabu wadudu kumepotelea njiani.

Watafiti wa mpunga wa Java waligundua pia kwa nini kupuliza mapema ndiko kubaya zaidi. William Settle na wenzake, kwenye utafiti uliochapishwa 1996, walikuta zaidi ya spishi 700 za wadudu, buibui na jamaa zao kwenye majaruba. Wengi wao hawana habari na mpunga: ni vidudu vinavyokula majani yaliyooza na uchafu wa majini, na wale usubi wasiouma wanaoinuka kama moshi jioni. Hao ndio chakula cha buibui wiki za mwanzo, kabla wereng hawajafika. Jaruba lenye mboji na maji linafuga jeshi lake mapema. Ukipuliza siku ya 20 baada ya kupandikiza, kwa sababu umeona matobo matatu kwenye jani, umelitawanya jeshi kabla ya vita.

Bei dhidi ya darasa

Sasa sehemu inayowaudhi wenzangu wa mashamba darasa. Mwaka 2004 Gershon Feder, Rinku Murgai na Jaime Quizon walichapisha uchambuzi wa kaya za Indonesia katika miaka ya 1990. Hawakukuta kwamba waliosoma shule ya shambani walizidi wenzao kwa mavuno au kwa kupunguza sumu kwa namna ya kudumu, na maarifa hayakutiririka kwa majirani kama ilivyotumainiwa. Wapo waliopinga mbinu zao, na tafiti nyingine zina majibu tofauti. Mimi naisoma hivi: kufikia wakati huo, kazi kubwa ilikuwa imeshafanywa na Agizo na kufutwa kwa ruzuku. Sumu ilipokuwa ghali, aliyesoma na asiyesoma wote walipuliza kidogo.

Ushahidi wa upande wa pili ulikuja baadaye. Miaka ya 2000 soko lilifunguka, viuatilifu vilivyoisha muda wa hataza vikatengenezwa kwa bei rahisi Asia nzima, na maduka yakajaa majina. Imidakloprid, iliyosifiwa sana dhidi ya wereng, ikazoeleka mpaka wereng wa nchi kadhaa za Asia wakawa hawaisikii. Mwaka 2010 na 2011 majaruba ya Java yakaungua tena, na safari hii upandaji wa misimu mitatu mfululizo bila kupumzisha ardhi uliwapa wereng meza isiyoondolewa. Wengi wa waliofundishwa walikuwa hai, na buibui waliwajua kwa majina. Dawa ilikuwa rahisi, na muuzaji yuko barabarani kila siku wakati shule ya shambani ilishafungwa.

Majaruba yetu

Wereng huyu wa Java si tatizo letu Afrika Mashariki. Wetu ni bungua wanaotoboa shina, nzi wale wenye macho kwenye vipembe, na mbawakawa wanaoeneza ugonjwa wa kimyanga, ambao virusi vyake viliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1966 nchini Kenya, karibu na Kisumu. Sitaki mtu achukue kisa cha Java akakibandika Kilombero au Mwea kama kilivyo. Kuna siku bomba la mgongoni ndilo jibu: viwavijeshi wakiingia jaruba changa kwa maelfu, hutakaa chini kuchora picha. Kwelea kwelea nao ni kesi nyingine kabisa.

Lakini mantiki inahama. Bungua akishaingia ndani ya shina, sumu ya kugusa inapita juu yake kama mvua juu ya bati. Inawakuta nyigu wanaotaga kwenye mayai yake. Kimyanga kikishashika, hakuna kiuatilifu kinachokiponya, ingawa nimeona watu wakikipulizia wiki tatu mfululizo. Na mpunga mchanga una uwezo wa kujazia: jani likiliwa au chipukizi moja likifa mapema, shina linatoa lingine.

La bei nalo linahama. Sisi hatuna ruzuku ya Suharto, ila tuna chupa ndogo zinazouzwa kwa bei ya soda mbili tatu, na mshauri wa kilimo aliye karibu zaidi na mkulima ni yule anayemuuzia. Muuzaji hamwambii uongo kila mara. Anauza alichonacho rafuni. Bwana shamba mmoja ana vijiji vitatu na pikipiki haina mafuta.

Msimu uliopita mkulima mmoja wa Kilombero alinipigia simu akiwa na chupa mkononi tayari. Majani yake yalikuwa yameliwa kingo, mpunga una wiki nne tangu kupandikizwa. Nikamwomba jambo moja, lile la shule za Java la kujionea kama mpunga unajazia: achague kona moja ya jaruba, mita moja kwa moja, apigilie vigingi vinne, kisha achukue mkasi na kukata robo ya kila jani mwenyewe. Alicheka sana. "Mzee, unataka nimsaidie mdudu?" Akakata.

Mwezi na nusu baadaye nilimuuliza kona ile inaendeleaje. Akasema watoto waling'oa vigingi wakaenda kufungia mbuzi, na tangu siku hiyo amezunguka jaruba lote mara tatu na hajui alikata wapi.